Kibuyu Chenye Jina la Mtu

Barabara ya Namanga ikishaiacha Sakina na kuipita Ngaramtoni huanza kupanda, na anayekwenda Oldonyo Sambu kwa mara ya kwanza hudhani anauacha Mlima Meru nyuma yake. Kumbe barabara inauzunguka mlima ubavu wa magharibi, na kila kona inaonyesha sura nyingine ya mlima uleule. Migomba inapungua, kahawa inakwisha, nyumba zinaachiana nafasi. Olmotonyi inapita na misitu yake ya kupandwa, miti imesimama kwa mistari, na hewa inayoingia dirishani ni ya kuvaa sweta. Ukiipita Lengijave, upepo hauna tena cha kuuzuia.

Oldonyo Sambu yenyewe imekaa barabarani. Kuna maduka ya mabati, vijana wa bodaboda, harufu ya nyama ya mbuzi inayochomwa, na akina mama waliotandaza maharage, mahindi na viazi mviringo juu ya viroba. Malori ya Namanga yanapita bila kusimama. Wanaume wa shuka nyekundu na za bluu wanatembea kwa hatua ndefu, fimbo mabegani, wakitoka mabomani kuja kutafuta chumvi, dawa ya mifugo au habari. Kaskazini nchi inashuka hadi nyanda za Longido, kavu na pana, na milima yake imesimama mmojammoja. Kusini-mashariki uko Mlima Meru. Mtu wa Arusha mjini amezoea kuuona kama ukuta wa kijani. Huku anauona ukiwa na mbavu za kijivu, makorongo marefu yaliyochimbwa na maji ya mvua, na vumbi jepesi la majivu ya kale ambalo likikuingia kwenye viatu halitoki mpaka ufike nyumbani. Mlima huu ulitoa moshi na majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wa hapa haujasahau.

Mimi naipenda Oldonyo Sambu kuliko sehemu nyingi zilizochapishwa kwenye kadi za posta za Arusha, na sababu kubwa ni namna watu wake wanavyokunywa. Huku kinywaji hakiandaliwi mpaka kwanza ijulikane kinaandaliwa kwa ajili ya nani.

Ili kuelewa kinachonywewa hapa, inabidi kuutazama tena mlima. Mvua ya Meru inakuja na pepo kutoka Bahari ya Hindi, na mlima wenye mita 4,566 hauachi mawingu yapite na mzigo wake. Yanamwaga maji kusini na mashariki: Nkoaranga, Poli, Akeri, Usa River, na juu ya mji wa Arusha. Huko ni nchi ya migomba na kahawa, na pombe ya heshima huko ni ya ndizi. Wameru wanaipika, Waarusha wa mitelemko ya kusini wanaipika, na majirani zao Wachaga wa Kilimanjaro wamejenga juu yake sifa ya mbege: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, kisha unachanganywa uji wa ulezi uliooteshwa, na wengine wanatia gome la msesewe ili kuipa pombe uchungu. Mbege inanywewa kwenye kata, na kata haimfikii kijana kabla ya mzee.

Ubavu wa kaskazini-magharibi unabaki na masalia ya mawingu. Mgomba hapa unahangaika. Lakini migunga inachanua, na maua ya porini yanayotokea baada ya mvua ni mengi kuliko mtu wa mjini anavyofikiria, na nyuki wanayajua. Kwa hiyo Wamasai na Waarusha wa upande huu, ambao ni watu wa lugha moja ya Kimaa ingawa Waarusha walishika jembe mapema, kinywaji chao cha kufungulia mambo makubwa ni pombe ya asali, enaisho. Mlima umegawa mvua, na kwa kugawa mvua umegawa vibuyu.

Nilialikwa kwenye boma moja ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa pikipiki na kisha wa miguu, wakati familia ilipokuwa inapokea watu wa upande wa mume kwa ajili ya binti yao. Asali ilikuwa imetangulia. Katika desturi za Kimaa asali ndiyo hodi ya kwanza ya mchumba: sehemu inaletwa kwa wanawake wa nyumba, wanaichanganya na maziwa na kuinywa wenyewe, na sehemu nyingine inaletwa baadaye kwa wazee, ndiyo inayopikwa pombe. Mama wa binti alinieleza hayo akiwa ameinamia moto, bila haraka, na aliweka mkazo kwenye mpangilio. Wanawake kwanza. Mwenye binti anaonja utamu wa asali kabla wazee hawajaonja ukali wake.

Maziwa yale nilipewa kuonja. Kibuyu chake kilikuwa kimesafishwa kwa njia ya siku zote, kijinga cha mzeituni mwitu kikisuguliwa ndani mpaka kuta ziwe nyeusi, na kwa hiyo maziwa yalinukia moshi. Juu ya moshi huo asali ilikaa nzito, na harufu ya ua ambalo sikuweza kulitaja. Nimeonja mvinyo wa bei kubwa kwenye hoteli za Arusha, wahudumu wakisimama na kitambaa mkononi, na sikumbuki hata mmoja ulionifanya ninyamaze hivyo.

Pombe yenyewe ilikuwa pembeni ya jiko, ndani ya kibuyu kikubwa kilichofunikwa, kimevishwa blanketi kuukuu. Usiku wa Oldonyo Sambu ni wa baridi kali, hasa Juni na Julai, na chachu ni kiumbe kinachotaka joto. Kikiachwa kona ya mbali kinalala, na asali inabaki maji matamu. Kikisogezwa mno, kinywaji kinakuwa kikali upesi na kupoteza harufu. Mwenye nyumba anakihamisha kidogokidogo, shibiri huku, shibiri kule, kwa kufuata hali ya hewa. Asali inayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, pamoja na masega yake na hata vinyuki vilivyomo, kisha inatiwa mizizi ya mshubiri, ule mmea wa majani manene yenye miiba ambao Wamasai wanauita osuguroi. Mizizi inapasuliwa na kukaushwa, na inabeba chachu yenyewe. Baada ya pombe kuiva inatolewa, inaanikwa juani, na inatumika tena. Boma lenye mizizi mizuri linaitunza miaka, na kuwaazima majirani ni jambo la uhusiano mkubwa. Ndugu zetu Wakikuyu wa Kenya wanatumia tunda la mwegea kwa kazi hiyohiyo katika muratina, na Wahabeshi wanatia majani na vijiti vya gesho katika tej yao. Asali ni ileile, maji ni yaleyale. Mmea ndio unaoipa kila nchi ladha yake.

Mama aliinama, akaweka sikio kwenye kibuyu. Akasikiliza. Akaniita nami nisikilize. Ndani kulikuwa na mchakacho mdogo, sauti ya mapovu yanayopasuka, na alisema bado inaongea sana. Kesho itakuwa inanong'ona, na hapo ndipo wazee wataitwa.

Pombe ya asali haina subira, na jambo hili nimelifikiria sana tangu siku ile. Mvinyo wa zabibu wa Ulaya unaweza kuwekwa chini ya nyumba mtoto anapozaliwa na ukafunguliwa siku anapooa. Chupa inamngoja mtu. Enaisho haimngoji mtu. Ikiiva leo inatakiwa inywewe leo na kesho, na keshokutwa inaanza kuwa siki. Kwa hiyo watu ndio wanaofungwa na kinywaji. Siku ikishapangwa na asali ikishatiwa maji, wageni wamekwisha kuitwa. Hakuna kuahirisha, hakuna kusema nitapitia wiki ijayo. Anayeheshimiwa anaheshimiwa kwa kuja, na kuja kwenyewe kunapimwa na chachu. Sijui njia bora zaidi ya kumwambia mtu kwamba siku yake ni siku yake.

Zamani masharti yalikuwa makali zaidi. Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wamasai mwaka 1905, aliandika baadaye kwamba pombe ya asali ilipopikwa waliteuliwa mwanamume na mwanamke ambao hawajakutana kimwili kwa siku 2, wakatengewa nyumba, na kwa siku 6 za kuiva hawakuruhusiwa kulala pamoja. Wakivunja mwiko, pombe haitanyweka, na nyuki walioitengeneza asali wataruka waende zao. Wazee niliowauliza Oldonyo Sambu hawakulishangaa hilo. Mmoja wao, laigwanani (kiongozi wa mila) mstaafu mwenye masikio yaliyotobolewa na simu ya kubonyeza ndani ya shuka, alisema watu wa siku hizi wamepunguza siku lakini hawajaondoa heshima: mpishi bado ni mtu anayechaguliwa, na mwenye ugomvi na jirani yake hapewi kazi hiyo.

Wazee walifika jua likiwa limepanda. Walikaa kwa marika yao chini ya mti, kila mmoja akijua mahali pake bila kuonyeshwa. Vijana wa rika la morani walikuwepo, wakichunga, wakikata kuni, wakichinja, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kwenye kibuyu. Kwa desturi pombe ni ya wazee. Morani anaingoja kama anavyongoja kunyolewa nywele zake kwenye eunoto na kisha kukaa miaka mpaka olng'esherr imfanye mzee kamili. Sherehe hizi, pamoja na enkipaata ya wavulana, UNESCO iliziingiza mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa maombi ya Kenya. Upande huu wa mpaka ndugu zao wanazo sherehe zilezile.

Kibuyu kilipofunguliwa hakuna aliyepiga makofi. Mzee mkubwa alipokea kidogo kwenye kikombe cha kibuyu, akasimama, akamtaja binti kwa jina lake, akamtaja baba yake, akamtaja babu ambaye hayupo, kisha akaanza kuomba baraka kwa sentensi fupifupi. Mwisho wa kila sentensi wote waliitikia kwa sauti moja: Naai. Apate watoto. Naai. Ng'ombe wasikauke. Naai. Aende akakute watu. Naai. Kisha akatia pombe kinywani, akaipuliza kwa manyunyu mepesi juu ya kichwa cha binti na kifua cha mama yake. Baada ya hapo ndipo alipokunywa yeye.

Kikombe kilipofika kwangu nilikipokea kwa mikono miwili. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyotiwa maji, yenye ukungu, na vipande vidogo vya nta vikielea. Harufu ni ya moshi na ua. Ulimini inaanza tamu, halafu ghafla inachachuka, na utamu ukishaondoka unabaki uchungu safi wa mshubiri nyuma ya ulimi, uchungu unaokusafisha kinywa na kukufanya utake tena. Mapovu ni madogo. Nguvu yake haitangazi; inakuja kwenye magoti. Ni kinywaji kizuri mno, na nasema hivyo bila kukipendelea kwa sababu ya mahali.

Ndani ya boma hilohilo kulikuwa na kreti za soda zimepangwa kwenye kivuli. Ulutheri umeshika mizizi mirefu katika nchi ya Meru na Arusha tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mwishoni mwa karne ya 19, na nyumba nyingi leo zina watu waliookoka ambao hawagusi pombe. Mchungaji alikuwepo. Alipewa maziwa yenye asali, aliomba kwa Kiswahili baada ya mzee kuomba kwa Kimaa, na watu wakaitikia Amina kwa uzito uleule. Shangazi mmoja alipewa soda ya chungwa na mzee mwenyewe, kwa mkono wake, akiitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Heshima ilikuwa imekamilika.

Ukirudi mjini jioni unakuta jambo lilelile limevaa suti. Kumbi za Arusha mwishoni mwa wiki zina sendofu na harusi mpaka usiku wa manane, na saa ya kufungua shampeni ina mpangilio usiofaa kuvurugwa. MC anaita: wafunguaji upande wa bibi harusi, shangazi mkubwa na baba mdogo, upande wa bwana harusi, mjomba. Wanakuja wakicheza, chupa mkononi, kila mmoja anatakiwa aseme jina la anayemfungulia. Kizibo kinaruka, ukumbi unapiga vigelegele. Kisha watu wanapanga mstari mrefu kwenda kugonganisha glasi na maharusi, na ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, anasubiri zamu yake. Mara nyingi kilichomo kwenye glasi si shampeni ya Ufaransa. Ni mvinyo wenye gesi kutoka Afrika Kusini, au mvinyo mtamu wa Dodoma, au hata juisi ya zabibu. Hakuna anayejali, na ni sawa asijali.

Huo wa Dodoma una haki ya kuwa mezani. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, wakitaka divai ya altare, na ikaonekana kwamba udongo wa kichanga na jua la Ugogo vinaupenda mzabibu kiasi cha kuupa mavuno mara 2 kwa mwaka. Hombolo na Makutupora zikafuata. Arusha yenyewe, kwa upande wake, inatengeneza mvinyo wa ndizi viwandani tangu miaka ya 1990, na chupa zake zinauzwa vijijini kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Katika sebule za Sakina na Njiro nimeona kabati la vioo lenye chupa moja tu ya mvinyo, imelala miaka, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Uliza, utaambiwa: hiyo ni ya mahafali ya mdogo wetu. Au: hiyo ni ya baba akistaafu. Chupa ya dukani imepewa jina la mtu, na kuanzia hapo haiuziki wala haiguswi.

Lakini kuna jambo linaniuma kuhusu Oldonyo Sambu. Asali inapungua. Miti ya kutundikia mizinga imekatwa kwa mkaa na mashamba, ukame unarefuka, na asali inayopatikana inauzika vizuri zaidi mjini kwa chupa. Kwa hiyo mabomani wengi wanapika kwa sukari, mizizi ileile, kibuyu kilekile. Nimeionja hiyo pia. Inachachuka, inalewesha, na haina kitu katikati. Mbaya zaidi, sukari ipo kila siku dukani, kwa hiyo inapikwa kila siku, kwa kila mwenye hela, bila jina la mtu yeyote. Pombe kali za vifuko vya plastiki serikali ilizipiga marufuku Machi 2017, na wazee walishukuru, maana vijana wa umri wa morani walikuwa wanazinywea vichochoroni. Ila wazee hao hao wanajua kwamba asali ilikuwa mlinzi bora kuliko askari. Asali ilikuwa adimu. Ilibidi kumfuata yule ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga, au kungoja msimu, au kuomba kwa mkwe. Uadimu wake ulipangia watu siku za kunywa na siku za kuacha.

Baadhi ya akina mama wa huku wameanza kutundika mizinga ya kisasa karibu na mabonde yenye miti iliyobaki, na wanajua kwa nini wanafanya hivyo. Asali ya kuuza, ndiyo, lakini pia ya binti atakayechumbiwa.

Anayetaka kwenda aende baada ya mavuno, kati ya Julai na Septemba, wakati nyumba zina chakula na sherehe ni nyingi. Kutoka stendi za mjini kuna magari madogo ya Oldonyo Sambu na ya Longido. Kaa dirisha la kulia. Beba koti. Usiingie bomani bila mwenyeji, na mwenyeji hapatikani kwa kununuliwa barabarani. Tafuta mtu anayekufahamu kupitia kanisa, shule au biashara. Peleka sukari na majani ya chai kwa mama wa nyumba, na kama umebahatika kupata asali nzuri, peleka asali. Kina mama wasalimie Takwenya, nao watakuitikia Iko. Kama hunywi pombe sema mapema, utapewa maziwa, na utakaa palepale ulipopangiwa kukaa. Kabla ya kibuyu kufunguliwa, muulize aliye jirani yako jina la anayefunguliwa siku hiyo na jina la baba yake, kwa sababu zamu yako ikifika, wazee watakutaka uwataje wote wawili ndipo unywe.